Gobore Lililoombewa Kutu

Constantin hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa karani wa ofisi mjini Bukavu, mtu wa kalamu na kola safi, baba wa binti mmoja aitwaye Nsimire, na kila Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya parokia. Lakini kila mtu ana mahali pake pa kutorokea. Wengine hutorokea kwenye kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakarudi nyumbani kwa kushika kuta. Yeye Jumamosi alipanda gari la Nyangezi, akashuka mashambani, akaenda kuwinda kwale na simbiliki, yule panya mnene wa kwenye magugu ambaye nyama yake ikikaangwa vizuri hata padri huomba kuongezwa.

Alikuwa na gobore. Si bunduki ya risasi, la. Gobore lile la kujaza kwa mdomo: unamimina baruti, unafuatisha kitambaa, unashindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu nyembamba inayokaa chini ya mtutu, kisha unatia marisau yako, zile punje ndogo za risasi, na kitambaa kingine, unashindilia tena. Ukimaliza, kwale amekwenda kwao. Watu wa Kivu huliita pupu, na vijana hulicheka. Constantin hakujali kuchekwa.

Alilichagua mwenyewe, na alilichagua kwa taabu. Mhunzi wa Nyangezi, Muzee Bulonza, alimpangia magobore kwenye mkeka akidhani biashara itaisha kabla jua halijapanda. Constantin akalikataa la kwanza kwa sababu mtutu wake ulitokana na chuma cha usukani wa gari, upande mmoja mnene na upande mwingine mwembamba. Mtutu wa namna hiyo siku moja hupasuka usoni mwa mwenyewe. La pili kitako chake kilikuwa cha mti wa avoka, yaani parachichi, mti unaopasuka kwa kuangaliwa tu. La tatu lilikuwa zuri lakini kubwa mno. Ukimpiga kwale kwa gobore kubwa utaokota manyoya. Kwa wanyama wadogo unataka gobore jepesi, linalokula baruti kidogo na marisau madogo, na linalokaa begani bila kubembelezwa. Akawa analiweka begani macho yamefumba, anayafumbua, anaangalia limeelekea wapi. Anavuta nyundo yake, anasikiliza mlio wa springi.

"Sasa, Papa Constantin," Bulonza akachoka, "unataka kuoa ao unataka kuwinda?"

Mwisho ikabidi amtengenezee jipya. Alikuwa na kipande kirefu cha bomba la zamani la maji, chuma cha wazungu kisicho na mshono. Akakikata katikati. Nusu ikawa gobore la Constantin, na nusu iliyobaki, kwa wivu wa fundi aliyeona kazi yake imekuwa nzuri, akajitengenezea lake. Vitako vyote viwili vilitoka kwenye ubao mmoja wa libuyu, mti mgumu wa msituni. Mtu mwingine asingeweza kuyatofautisha, ila Bulonza alilitia lake alama ndogo chini ya nyundo, mkwaruzo wa kama ukucha. Tangu siku ile wakawa marafiki. Wakawinda pamoja, wakabishana juu ya nani alipiga nini, na kila mmoja akamdanganya mwenzake kwa moyo mweupe.

Kazi kubwa ilikuwa jioni, kurudi. Masizi ya baruti nyeusi hayana huruma. Huvuta unyevu wa hewa, na Bukavu na ziwa lake haina upungufu wa unyevu. Ukilaza gobore na masizi yake, unaamka na kutu. Basi Marie-Louise, mkewe, alichemsha maji, na Constantin akakaa kwenye kigoda akayamimina ndani ya mtutu mara kwa mara mpaka yakatoka meupe. Akakausha kwa vitambaa juu ya mdeki, akapaka mafuta ya ng'ombe ndani na nje.

"Ile bunduki inaoga kunishinda mimi," Marie-Louise alikuwa akisema.

Miaka ikapita hivyo. Halafu mwaka wa 1998 vita vikarudi, mji ukapata wakubwa wapya wenye buti mpya, na redio ikatangaza kwamba mwenye silaha yoyote nyumbani ailete.

Hapo ndipo Constantin alipofanya kosa ambalo mtu wa kwetu Bushi tu angelifanya. Kwetu ukiazima sufuria, unairudisha imesuguliwa. Ukimpelekea mtu kuku, unamfunga vizuri. Kitu kichafu hakipelekwi mbele za watu, kwa sababu ni jina la nyumba yako linalokwenda nacho. Kwa hiyo, usiku wa kuamkia siku ya kwenda, mtu mzima huyu aliyesoma alichemshiwa maji, akaliosha gobore lake, akalipaka mafuta, akalifunga kwenye kipande safi cha kitenge, na asubuhi akateremka nalo mpaka kwenye villa moja kando ya ziwa ambayo askari walikuwa wameifanya depo yao.

Waliomtangulia walileta vyuma vya ajabu: magobore yaliyooza, mitutu iliyojaa mavi ya panya. Askari walicheka, wakawapiga kofi moja moja, wakawarudisha makwao. Zamu yake ilipofika, komanda alifungua kitenge polepole. Aliingiza kidole kwenye mdomo wa mtutu, akakitoa, akakiangalia. Kilikuwa safi.

"Hii inatumika," komanda akasema.

"Hapana, komanda. Mi naitunza tu. Njo desturi yangu."

"Bunduki yenye kutu imestaafu. Bunduki safi iko na kazi. Unafanya kazi na nani kule porini?"

Constantin alieleza kwale, akaeleza simbiliki, akaeleza kwaya. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo, kama inavyokuwa siku zote mtu akisema kweli mbele ya mwenye bunduki. Alikwishaanza kusali kimoyomoyo komanda alipogeuka akaangalia bunduki za askari wake zilizoegemezwa ukutani, zimejaa vumbi na mafuta machafu.

"Basi," akasema, "utatusafishia na zetu."

Hivyo ndivyo Constantin alivyoingia mtegoni. Hakufungwa kamba wala kupigwa pingu, na jioni aliruhusiwa kwenda nyumbani. Lakini kila asubuhi ilimpasa awe pale mezani kwake, na vitambaa vyake na kopo la mazout, mafuta ya dizeli. Nyumba yake ilijulikana, na Nsimire alijulikana njia anayopita kwenda masomoni. Ofisi ikamsahau, na majirani wakaanza kumsalimia kwa sauti ya chini, wengine kwa kumwogopa, wengine kwa kumchukia. Angemweleza nani? Alitoka asubuhi, akarudi jioni, akala bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, bila kujua anachokula.

Na gobore lake? Komanda alilitundika kwenye msumari, ukutani, mbele ya meza ya Constantin.

"Siku nitakuta umeigusa, umeitia mafuta," akamwambia, "nitajua unajitengeneza kwenda. Na siku ile sitakuuliza kitu."

Alikuwa mtu mwerevu, komanda yule, na werevu wake ulikuwa wa kuumiza. Constantin alikaa akisafisha bunduki za watu asiowapenda huku akiangalia lake likioza. Kwanza likapoteza mng'ao. Kisha masika yakaja, madoa mekundu yakatokea karibu na nyundo, yakaungana, yakapanda mtutuni. Buibui akatanda utando kwenye kitako. Nyigu mmoja mweusi, mwenye kiuno chembamba, akawa anakuja dirishani na tope lake kidogo kidogo, akaziba mdomo wa mtutu kabisa. Constantin alitamani kulia. Najua kuna mtu atasema: watu wanakufa, naye analilia chuma? Ndiyo, alililia chuma. Lilikuwa kitu pekee maishani mwake alichokuwa amekichagua kwa raha, na alikuwa analazimishwa kukiangalia kikifa.

Kulikuwa na jambo baya zaidi. Bunduki zilizunguka mikononi mwake, na masizi husema. Nyingine zilirudi zilivyokwenda, zina vumbi tu. Nyingine zilirudi nyeusi ndani, na mikono yake ikajua zimepigwa sana kabla kichwa chake hakijakubali. Hakuuliza wapi. Alizisafisha, zikang'aa, na kesho yake zikaondoka tena. Jumapili alisimama kwenye kwaya akafungua mdomo bila kutoa sauti, na mwishowe akaacha kwenda.

Kati ya askari wote kulikuwa na mmoja tu aliyemsalimia kama mtu. Aliitwa Glody, rika moja na Nsimire. "Bonjour, papa. Umeamuka?" Kila siku vile vile. Kuna siku alimletea ndizi.

Ukafika msimu wa mvua wa pili. Asubuhi moja Constantin alikuta uwanja umejaa kelele. Doria ilikuwa imepigwa jana yake kwenye barabara ya Nyangezi, risasi za marisau kutoka kwenye magugu, na Glody alikuwa amekufa njiani kabla hajafikishwa mjini. Marisau, maana yake gobore. Na askari walikuwa wamemkamata mzee mmoja akiwa na gobore lake, shambani, karibu na pale pale.

Constantin akamwona mzee mwenyewe amekalishwa uwanjani kwenye matope, mikono nyuma. Alikuwa Bulonza.

Wakaangaliana. Bulonza akageuza macho, kwa akili, kama mtu asiyemjua.

Askari akaingia akalitupa gobore mezani. "Komanda anasema uiangalie hii pupu. Anatoka kwenye mukutano saa sita, atakuuliza kitu kimoja tu: ilipigwa ao haikupigwa. Kama ilipigwa, ule muzee haoni jioni." Akatoka akaketi mlangoni na redio yake ndogo.

Constantin hakuhitaji hata kuliinua. Harufu ilimfikia: ile harufu ya yai viza ambayo baruti nyeusi huacha nyuma yake, na ambayo hakuna mwindaji asiyeijua. Alitia kidole mtutuni, kikatoka cheusi na chenye unyevu. Lilikuwa limepigwa jana.

Fikiria hali yake. Glody amekufa, Glody aliyemletea ndizi. Rafiki yake amekaa kwenye matope, na ushahidi uko kidoleni. Akisema kweli, Bulonza anakufa. Akiliosha, litakuwa safi, na komanda alikwishamfundisha maana ya bunduki safi. Lenye masizi linaua, lililo safi linaua. Aliinua macho, kwa kukata tamaa tu, na macho yakaangukia pale yalipozoea kuangukia kila siku: ukutani, kwenye msumari, kwenye gobore lake lililokufa.

Nusu mbili za bomba moja.

Sijui alipata wapi ujasiri. Yeye mwenyewe hajui. Askari alikuwa anatafuta stesheni kwenye redio. Constantin alisimama kama mtu anayetafuta kitambaa, akatoa lake ukutani, akatundika la Bulonza mahali pake. Akakusanya vumbi la kutu mezani, akachanganya na jivu la sigara za askari, akalisugua kwenye mtutu ule uliotundikwa na kwenye kitako chake mpaka ukawa na sura ya uzee. Akaketi. Alikuwa amelowa jasho kama aliyetoka ziwani.

Komanda alikuja na Bulonza amesukumwa mbele yake. Alitazama gobore lililokuwa mezani, akamtazama askari aliyelileta. "Njo hii?"

Askari alikuna kichwa. Kwake yeye, alikuwa amekamata pupu na alikuwa anaona pupu. "Njo hiyo, komanda. Pupu ni pupu."

"Na wewe unasema nini?" akamgeukia Constantin.

"Angalia mwenyewe, komanda. Hii haijapigwa tangu mwaka jana. Nyigu amejenga ndani."

Komanda alichukua mdeki akachokoa. Tope kavu likaanguka mezani, na ndani yake maganda ya mabuu ya nyigu. Alikuwa anaelekea kucheka. Mambo yalikuwa yanakwisha vizuri. Na hapo, hapo hasa, Bulonza akalitazama gobore lile, kutu yake, tope lake, akasahau kifo. Fundi ni fundi. Aliona aibu ya kazi yake mbele za watu, na mdomo wake ukafunguka.

"Lakini bunduki yangu haiko hivi! Mi siwezi kuacha—"

"Nyamaza!" Constantin aliruka kutoka kitini. "Nyamaza, muzee muchafu! Huna haya? Chuma kizuri namna hii unakiacha kinaoza, panya wanaingia, nyigu wanazaa, halafu unafungua kinywa? Kwenu hawakukufundisha? Bibi yako anakupikia kwenye sufuria chafu?" Alimtukana kwa Kiswahili, akamtukana kwa Mashi, lugha ya kwao, akamsukuma kifua, machozi ya kweli yakimtoka. Mateso yote ya mwaka ule yalitoka kwenye matusi yale, na hayakuwa mchezo wa kuigiza hata kidogo.

Komanda alicheka mpaka akashika meza. "Mutazame! Analia juu ya kutu!" Akalichukua gobore, akamtupia Bulonza miguuni. "Chukua chuma chako, muzee. Enda ufanye nayo majembe." Askari wakampiga mateke ya kumsindikiza, na Bulonza akatoka langoni akiwa hai, amekumbatia gobore ambalo si lake. Vidole vyake vilikuwa chini ya nyundo, vikitafuta alama. Constantin aliona mgongo wake ukishtuka vilipoikosa.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Kumbe sasa gobore la Bulonza lilikuwa mbele yake mwenyewe, ukutani, na masizi ya jana ndani yake. Kuliosha hawezi. Kuliondoa hawezi. Siku yoyote komanda akiamua kutia kidole, mwisho ni mmoja. Na harufu! Chumba kilipopata joto mchana, ile harufu ya yai viza ilishuka kutoka ukutani ikakaa naye mezani.

"Nini inanuka humu?" komanda akauliza siku moja, amesimama mlangoni.

"Ni mimi, komanda," Constantin akajibu, macho chini. "Tulikula maharagi."

Komanda akatoka haraka.

Basi mtu yule aliyekuwa amepigana na kutu maisha yake yote akaanza kuiombea. Aliacha dirisha wazi mvua ikinyesha. Alisali rozari kimoyomoyo akisugua bunduki za wengine: Mama Maria, lete kutu. Lete kutu haraka. Na kila alipoona doa jekundu limeongezeka alishukuru, na papo hapo akaona uchungu, kwa sababu lilikuwa gobore zuri na la rafiki yake. Marie-Louise alimwuliza kwa nini siku hizi anafurahia mvua. Hakumwambia. Hakumwambia mtu.

Tena kulikuwa na neno lililomkaa rohoni kuliko hofu. Glody. Masizi ya kwale na masizi ya mtu ni yale yale; mtutu hausemi ulielekezwa wapi. Alikuwa amemwokoa rafiki yake, au alikuwa amemwokoa aliyemuua Glody? Angejuaje? Barabara ya Nyangezi ilikuwa imefungwa, hakuweza kwenda kumwuliza Bulonza. Aliishi na swali hilo mpaka mwaka wa 2002, askari wale walipofunga mizigo yao, wakapanda malori, wakaondoka bila hata kumwambia kwaheri. Alikaa mezani mpaka mchana, kwa mazoea, ndipo akaelewa kwamba hakuna anayemlinda. Akalitoa gobore msumarini, akaenda nalo nyumbani. Marie-Louise alipoliona akaweka maji motoni. Constantin aliosha mpaka giza likaingia, na maji yalitoka mekundu, hayakukubali kuwa meupe.

Bulonza alikuja mjini barabara ilipofunguka. Alikuwa amezeeka, mguu mmoja anauburuta. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa safi. Kilikuwa gobore la Constantin, limesafishwa, limepakwa mafuta ya ng'ombe, ingawa makovu ya kutu yalibaki.

"Nilificha ndani ya mugomba," akasema. "Siwezi kukurudishia kitu cha watu kichafu."

Constantin alimletea lake, akiona haya. "Nilijaribu, ndugu. Nimeosha. Lakini niliomba kutu, ikanisikia sana."

Bulonza alilipapasa, akapata alama yake. Marie-Louise aliwaletea chai akarudi jikoni. Na Constantin akauliza, kwa sauti iliyokuwa imekaa miaka bila kutoka.

"Ile siku, Bulonza. Ulipiga nini?"

"Simbiliki," Bulonza akasema. "Alikuwa anakula mihogo yangu."

"Ukamupata?"

Mzee aliangalia chai yake. Masikio yake yalibadilika rangi. "Nilimukosa."

Constantin alimtazama sana. Bulonza angetaka kudanganya, angesema alimpata, na mkubwa kama mbuzi, na alimla na mke wake. Constantin mwenyewe alikuwa amewinda na wanaume miaka mingi, akawasikiliza wakidanganya juu ya kila kitu, na hakuwahi hata mara moja kumsikia mwindaji akidanganya kwamba amekosa. Basi si Bulonza aliyempiga Glody, na Constantin akaanza kucheka, na kicheko kikamgeuka kilio, mabega yakimtikisika, mpaka Marie-Louise akachungulia.

"Ule simbiliki alikuwa mbali?" Constantin aliuliza alipoweza kusema.

"Hapana," Bulonza akajibu, amefunika uso kwa mkono. "Alikuwa kama pale kwenye mulango."